Misutgaru: kinywaji cha nafaka za kukaanga cha Wakorea, jinsi ya kukitengeneza nyumbani

Kibuyu wa Seongnam (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Kila nikigusia misutgaru kwenye nyuzi za vyakula napata ujumbe wa faragha: inatengenezwaje, inataka nafaka gani, mashine ya kawaida inaweza? Leo naimwaga yote hapa. Atakayeuliza tena namtumia kiungo.

Nipo Korea Kusini, Seongnam, mji uliogusana na Seoul kwa upande wa kusini. Kiangazi cha huku si cha mchezo. Mwishoni mwa Juni inaingia jangma, mvua za msimu, nguo hazikauki na mtu hana hamu ya kula kitu cha moto. Hapo ndipo misutgaru inapotafutwa. Ni unga wa nafaka na kunde zilizopikwa kwa mvuke, zikaanikwa, zikakaangwa bila mafuta, kisha zikasagwa. Unakoroga kwenye maji baridi au maziwa, unatia asali au sukari, chembe ya chumvi, barafu, unakunywa. Hakuna kuchemsha tena. Wengine ndicho kifungua kinywa chao wakiwahi treni, na migahawa ya kahawa inaiuza na maziwa kwa bei ya kukera.

Kwa anayeanza, vitu vitano vinatosha: shayiri vikombe 2, mchele wa kunata vikombe 2, mchele wa kahawia kikombe 1, soya nyeusi kikombe 1, ufuta mweusi robo kikombe. Huo ni uwiano ninaoupenda mimi, si sheria. Madukani utakuta mifuko inajigamba nafaka 20 na ushee. Sina imani na huo wingi. Nafaka ya ishirini inayotiwa kiasi cha kijiko haiongezi kitu kinywani, inaongeza maandishi kwenye mfuko. Nikiongeza ya sita huwa ni yulmu, punje nyeupe nene zenye mfereji katikati, jamaa wa karibu wa mahindi na mtama. Inaleta utamu fulani wa chini chini. Wakorea wenyewe huwa hawampi mjamzito yulmu, kwa hiyo kama mama kijacho yumo ndani ya nyumba iacheni.

Angalia shayiri unayonunua. Ile yenye maganda ni ya kuchemshia chai, ukiisaga utakunywa makapi. Ya unga ni iliyokobolewa.

Sasa kazi. Osha nafaka, kila moja kwenye bakuli lake, loweka usiku kucha. Asubuhi chuja, tandika kitambaa safi kwenye chombo cha kupikia kwa mvuke, pika dakika 30 hadi 40. Unataka punje iive mpaka katikati lakini ibaki punje, isigeuke bokoboko. Soya nayo ipite kwenye mvuke. Ufuta hauhitaji, uoshe tu na uchuje.

Baada ya mvuke, anika. Tandaza nyembamba juani, vunja vunja madonge kwa vidole, hasa mchele wa kunata maana huo unashikana vibaya. Jua likiwa kali siku moja au mbili zinatosha. Punje iliyokauka inang'aa kidogo, na ukiitia jinoni inalia *ka!* Ikibonyea, bado.

Kukaanga ndiko kunakoamua ladha, na hapa sitaki mjadala: kila nafaka ikaangwe peke yake. Shayiri inataka muda, mchele unataka muda mfupi zaidi, ufuta ukigeuka kuongea na mtu umeshaungua. Ukizichanganya, zitakazotoka vizuri ni za aina moja, nyingine zitakuwa mbichi au chungu. Kikaango kizito, moto wa wastani, mwiko usisimame. Mchele unavimba na kuwa na rangi ya maziwa, kisha unaanza kupata wekundu wa mbali, toa hapo. Shayiri ipeleke mbele kidogo mpaka iwe ya hudhurungi. Soya nyeusi ngozi itapasuka na ndani utaona njano. Ufuta unatatarika na kurukaruka. Ukitulia kuruka, mimina kwenye sahani mara moja, maana kikaango kinaendelea kupika hata jiko likizimwa.

Acha vipoe kabisa kabla ya kusaga. Nafaka ya moto ikifungiwa kwenye blenda inatoa mvuke na unga unalowa. Saga ufuta pamoja na mchele, usiusage peke yake, utatoa mafuta na kuwa rojo. Chekecha, chenga zirudishe kwenye mashine.

Glasi moja: mililita 250 za maji au maziwa, vijiko vya chakula 3 au 4 vya unga. Maji yatangulie, unga ufuate. Ukianza na unga unabaki mkavu chini ya glasi. Njia ya uhakika ni chupa yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu. Unga utatuama, ni kawaida yake, koroga huku unakunywa.

Karibuni kwa maswali.

Mzee wa Mwiko

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Lakini hii si ndiyo unga wa lishe tunaouziwa kila kona huku? Mahindi, soya, karanga, ulezi, mchele. Tofauti ni pasipoti tu.

Kibuyu wa Seongnam

Mzee wangu, ni ndugu, lakini tofauti ipo kwenye namna ya kunywa. Unga wa lishe mwingi unasagwa nafaka zikiwa mbichi au zimekaangwa juu juu, kwa sababu mwenye kuuza anajua utaenda kupika uji. Misutgaru inaiva kabla ya kusagwa. Asije mtu akachota unga wa lishe wa dukani akakoroga na maji ya friji akidhani ametengeneza misutgaru. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na joto la mvuke linavivunja vizuri kuliko joto kavu peke yake. Ndiyo sababu nimesisitiza soya ipite kwenye mvuke hata kama umechoka.

Mama Wawili Nakuru

Asante kwa uzi. Mimi niko Kenya, huku tunasaga wimbi, mtama na njugu kwa posho mill. Swali langu, ni lazima nipike na mvuke? Kazi ya kuloweka, kuchemsha, kuanika… na watoto wanataka kula. Siwezi nikaosha, nikakausha, nikakaanga moja kwa moja?

Kibuyu wa Seongnam

Unaweza dada, na nyumba nyingi huku siku hizi zinafanya hivyo hivyo, mashine za mitaani pia. Kwa mchele, shayiri na mtama haina shida, ila kaanga taratibu kwa moto mdogo ili joto lifike katikati ya punje kabla ngozi haijaungua. Unga wake utakuwa mwepesi zaidi, una mchanga mchanga ulimini. Uliopita kwenye mvuke unakuwa laini na unashikana na maji vizuri, unashiba mapema. Chagua mwenyewe, lakini soya usiifanyie njia ya mkato.

Na hao wawili wana umri gani? Kama kuna wa chini ya mwaka mmoja, asali asipewe kabisa, si kwenye misutgaru tu. Soya na ufuta pia viingizwe kimoja kimoja uangalie kama mwili unavikataa.

Mama Wawili Nakuru

Mkubwa sita, mdogo tatu. Wako sawa.

Binti Makunduchi

Assalaam alaykum. Niko Muscat kwa sasa. Hii kitu kwa Waarabu ipo tangu zamani, inaitwa sawiq: shayiri au ngano inakaangwa, inasagwa, msafiri anabeba mfukoni, akifika kwenye maji anakoroga, akijaaliwa anatia samli au asali. Mwaka wa 2 Hijria Abu Sufyan, kiongozi wa Maquraishi wa Makka, na watu wake walipokuwa wanawakimbia Waislamu wa Madina walitupa mifuko ya sawiq wapunguze mzigo, na tukio lenyewe likaitwa vita vya Sawiq. Kwa hiyo Mkorea na Mquraishi walifikiri jambo moja bila kuonana.

Kibuyu wa Seongnam

Waalaykum salaam. Hapo umenipa kitu. Hata huku misutgaru ilikuwa chakula cha safari, maana haiharibiki njiani na haihitaji kuwasha moto. Waethiopia nao wana beso, unga wa shayiri ya kukaanga, wanakoroga na maji na asali. Ukitazama ramani ya shayiri karibu kila mtu aliyeilima alifika hapo.

Kobe Mkimya

Historia yake kwa Wakorea ikoje? Nilidhani wao ni mchele na kimchi (ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa) tu.

Kibuyu wa Seongnam

Hiyo ya mchele kila siku ni ya juzi. Wazee wa huku wanakumbuka borigogae, kipindi cha njaa cha majira ya machipuko: mpunga wa mwaka jana umeisha ghalani, shayiri iko shambani bado kijani. Shayiri ya huku inapandwa vuli, inalala na baridi yote, inavunwa mwanzoni mwa Juni. Wiki za kabla ya hapo watu walikula mizizi na magome ya misonobari.

Hata baada ya Vita vya Korea mchele haukutosha. Miaka ya 1960 na 1970 serikali iliwahimiza watu wachanganye wali na shayiri, na walimu walikuwa wanafungua masanduku ya chakula ya wanafunzi kukagua kama shayiri imo. Kwa hiyo kuna kizazi hapa ukikitajia shayiri kinakunja uso, na kuna wajukuu wao wanaoinunua ghali wakisema ni afya. Jirani yangu, mama mtu mzima, misutgaru anaipenda ila ya kwake anaagiza mchele wa kunata uwe mwingi na shayiri kiganja kimoja tu. Simlaumu.

Mzee wa Mwiko

Mimi ningekula zote mbili. Vipi kuhusu ile chai ya shayiri uliyoitaja? Mke wangu ameacha kahawa kwa ajili ya presha, anatafuta kitu cha kushika kikombe jioni.

Kibuyu wa Seongnam

Boricha. Hiyo ni rahisi kuliko misutgaru na haina kafeini kabisa. Chukua shayiri yenye maganda yake, osha, chuja, kaanga bila mafuta mpaka iwe ya hudhurungi iliyokolea, zaidi ya ile ya unga. Nyumba nzima itanukia. Chemsha maji lita moja na nusu, tia vijiko viwili vya chakula, acha ichemke dakika 10 hadi 15, chuja. Usiiache shayiri ndani ya maji mpaka asubuhi, maji yanakuwa mazito na uchungu wa ajabu. Moto au baridi, vyote vinanyweka, na haiwekwi sukari. Tena haikai: kwenye friji siku mbili, tatu, ikianza kuteleza mdomoni mwaga.

Ukikosa shayiri, kaanga mahindi makavu hivyo hivyo, nayo ni chai halali ya Kikorea, oksusucha. Ina utamu wa asili. Wengi huku wanachanganya na shayiri nusu kwa nusu. Asiyeelewana na gluteni abaki kwenye mahindi peke yake, shayiri inayo.

Kobe Mkimya

Na ukoko je? Nilisikia Wakorea wanachemsha ukoko wa wali wanakunywa maji yake. Nilidhani ni utani.

Kibuyu wa Seongnam

Si utani hata kidogo, ni sungnyung, na ukiniuliza mimi ndiyo bora kuliko zote zilizotajwa humu. Zamani wali ulipikwa kwenye chungu kikubwa cha chuma, gamasot. Wali ukishapakuliwa, ukoko umebaki chini, wanamimina maji humo humo, makaa yaliyobaki yanayachemsha wakati watu wanakula. Mlo ukiisha kila mtu anapata bakuli la maji ya moto yenye rangi ya chai hafifu na vipande laini vya ukoko. Yanasafisha mdomo baada ya pilipili na vitunguu saumu vyote vile.

Jiko la umeme la kupikia wali ndilo lililoiua, kwa sababu halitoi ukoko. Boricha ikachukua nafasi yake mezani. Kutengeneza: tandaza wali uliolala kwenye kikaango, unene wa kidole, moto wa chini kabisa, bila mafuta, bonyeza kwa mgongo wa kijiko kilicholoweshwa maji. Ukipata rangi ya dhahabu geuza. Kisha mimina maji, chemsha dakika kumi. Wali usiwe na nazi wala mafuta, la sivyo utapata supu ya ajabu.

Binti Makunduchi

Kwetu ukoko wa wali wa nazi hauchemshwi, watu wanagombana kwa mikono 😂

Mkaguzi wa Ghala

Naomba nichomeke jambo, maana naona watu wanaanza kubadilisha shayiri kwa mahindi na karanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, haiondoki kwa kukaanga. Joto la kikaango linapunguza kiasi, halimalizi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu, na wengi walikuwa wamekula ugali ulioiva vizuri tu. Kabla ya kufikiria rangi na harufu, kaa chini uchambue punje moja moja: iliyovunjika, yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, toa nje. Karanga chungu usiimeze kwa aibu, tema. Na kuchambua kwenyewe ni kupunguza hatari, hakumalizi kila kitu, kwa hiyo nunua nafaka iliyokaushwa vizuri kwa mtu unayemjua anavyoihifadhi.

Kibuyu wa Seongnam

Mkuu hii ilitakiwa iwe kwenye bandiko la kwanza. Moderata kama unapita hapa, tafadhali uipandishe juu. Nami nakazia: msiweke karanga kwenye misutgaru kama hamna uhakika nazo. Soya na ufuta vinatosha kuleta mafuta.

Mfuko Mtupu

Wakuu samahani, mama yangu ana kisukari. Hii ni nzuri kwake? Naona kila mtu anasema ni afya.

Kibuyu wa Seongnam

Mimi si daktari, kwa hiyo chukua hili kama la jirani. Misutgaru ni wanga uliosagwa laini, na nafaka iliyosagwa laini inaingia kwenye damu haraka kuliko punje nzima. Halafu inanyweka kirahisi, mtu anameza kwa dakika moja kiasi ambacho angekitafuna robo saa. Neno afya kwenye mfuko halibadilishi hilo. Akitaka kuonja, soya iwe nyingi kuliko mchele, mchele wa kunata utoke kabisa, sukari na asali visikaribie, glasi iwe ndogo na ihesabiwe kama sehemu ya mlo, isiwe nyongeza ya mlo. Na apime sukari kama alivyoelekezwa kliniki, awaambie wanaomhudumia. Boricha isiyo na sukari ndiyo ningempa kwanza.

Mfuko Mtupu

Nimekuelewa, asante sana kaka.

Mzee wa Mwiko

Huko mnasaga wapi? Au kila nyumba ina blenda ya maana?

Kibuyu wa Seongnam

Kuna bangatgan, mashine za mtaani. Unapeleka nafaka zako, mwenye mashine anazikaanga kwenye pipa la chuma linalozunguka, anasaga, anakufungia mfuko ukiwa bado na uvuguvugu. Hapa kwetu kuna soko la Moran, linafanyika tarehe zinazoishia na 4 na 9, na lina kichochoro kizima cha wanaokaanga na kukamua ufuta. Unakifuata kwa pua. Nafaka masokoni bado inapimwa kwa doe, kipimo cha lita 1.8, doe kumi ni mal moja.

Tahadhari moja kwa yeyote anayepeleka kwenye mashine, iwe Moran au Manzese: uliza kilichosagwa kabla yako. Huku ni pilipili ya kimchi, na mashine hiyo hiyo ikipokea nafaka zako bila kusafishwa utakunywa misutgaru inayowasha. Wenye akili wana mashine mbili. Asiye nazo mpe kwanza kilo ya mchele wa bei rahisi apitishe, uutupie kuku.

Binti Makunduchi

Kumbe nao wana pishi yao! Unga unakaa muda gani?

Kibuyu wa Seongnam

Adui ni mafuta ya soya na ufuta. Kwenye joto yanachacha, unga unaanza kunuka kama rangi ya ukutani. Muscat kwa joto la huko usiuache kabatini hata wiki. Gawa kwenye mifuko midogo, toa hewa, weka kwenye friza, chukua mmoja mmoja. Ukitoa mfuko acha ufikie joto la chumba kabla hujaufungua, la sivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya unga na madonge yanaanza. Kama unataka ukae zaidi, saga nafaka bila ufuta, ufuta uwe unausaga kidogo kidogo siku ya kunywa.

Mama Wawili Nakuru

Nimerudi na ripoti. Nimefanya mchele, mtama na soya, wimbi kidogo. Watoto wamekunywa na maziwa, mdogo ameongezewa. Lakini wimbi imenisumbua, punje ni ndogo zinaruka nje ya sufuria zote, na zingine zimeungua chini kabla zingine hazijabadilika rangi. Nafanyaje?

Kibuyu wa Seongnam

Hongera dada! Ulezi ukaange kidogo kidogo, safu isizidi punje mbili kwenda juu, kwenye sufuria yenye kuta ndefu badala ya kikaango. Uwe mkavu kabisa, ukiwa na unyevu ndipo unaruka zaidi. Funika nusu, tikisa sufuria yenyewe badala ya kutumia mwiko, na weka ungo pembeni umwage ukiwa wa moto, uendelee kupepeta mpaka upoe. Zilizoungua zipepete nje, usizisage, chache tu zinatosha kuleta uchungu kwenye mfuko mzima. Na soya uliipitisha kwenye mvuke?

Mama Wawili Nakuru

Niliipitisha, dakika arobaini. Nilikuogopa.